Kengele Mbili za Mlango Mmoja

Jumatatu, 14 Machi 1983

Nimefunga kengele mbili mlangoni! Kitufe cha juu ni cha wageni wanaume: kinaliza kengele ya sebuleni, nami nafungua. Cha chini ni cha wanawake: kinaliza kengele ya uani, na mke wangu, Nana, anafungua. Shella nzima hakuna mpango kama huu. Faki, jirani yangu fundi wa redio, ana kengele moja tu. Maskini.

Ijumaa baada ya alasiri wazee wa Mambrui wanaleta posa ya Mastura, binti yetu wa mwisho. Mastura mwenyewe amemkubali kijana huyu. Ndiye wa kwanza ambaye hakumtoa kasoro. Bwana Abdalla, ami wa kijana, ni mtu wa adabu kali. Atakuta nyumba yenye nidhamu.

Nilimwomba Faki ajaribu kitufe cha juu. Zikalia zote mbili! Nana akatoka mbio kichwa wazi, akakutana na Faki uso kwa uso. Nana ameniuliza kama serikali imepiga marufuku kubisha hodi.

Jumanne, 15 Machi

Uchunguzi wa kitaalamu. Nimebadilisha betri. Zikalia zote mbili, kwa nguvu zaidi. Nimehamisha vitufe, cha juu chini, cha chini juu. Vilevile. Faki alipopita akasema, "Mwalimu, nyaya zote mbili umezibana kwa msumari mmoja. Ung'oe huo, yaishe." Nikamjibu kwamba nimesomesha miaka thelathini na moja; sitasomeshwa na mtu wa redio. Alipoondoka niliupigilia zaidi, kuthibitisha kwamba hauna neno.

Kengele ya uani imenyamaza. Ushindi!

Jumatano, 16 Machi

Ushindi una dosari. Vitufe vyote viwili sasa vinaliza kengele ya sebuleni. Kadii, anayemsaidia Nana mapishi, alibonyeza cha chini, nikatoka mimi. "Shikamoo, mwalimu. Leo mwenye jiko ni wewe?" Akacheka mpaka jikoni.

Nimeamua kwamba chanzo ni kutu ya springi. Hewa ya chumvi. Nimetia mafuta ya nazi, vijiko viwili.

Alhamisi, 17 Machi

Vitufe vinanata. Ukibonyeza mara moja, kitufe kinarudi kwa kusitasita, na kengele inalia mara tatu. Upepo ukiubamiza mlango, pia mara tatu! Nimetoka mara sita; hakuna mtu. Faki, kibarazani kwake, alinihesabia kwa sauti. Akasema koleo analo mfukoni, ni kazi ya dakika moja. Nikamwambia alitunze.

Nimetoa amri: kengele ikilia mara tatu, huo ni mlio wa uongo. Asifungue mtu. Nana akauliza, na mgeni atailiza vipi mara moja? Nikamwambia mgeni wa kweli atabonyeza tena.

Ijumaa, 18 Machi

Kanzu ya pasi. Dele la kahawa tayari. Mastura hakula tangu asubuhi.

Saa kumi na nusu kengele ililia mara tatu. Nikainua kidole: asisogee mtu! Nana akasema hao ndio wao. Kidole nikakiacha juu. Mastura akaanza kulia. Kengele haikulia tena. Nikausifu utii wa nyumba yangu. Kugeuka, Nana hayupo. Dele halipo. Mlango wa uani u wazi.

Nje, viatu jozi saba kibarazani kwa Faki. Alikuwa amewawahi wageni kwenye kona, wakirudi garini. Bwana Abdalla akanieleza, bila kunitazama, kwamba mtu huomba ruhusa mara tatu. Asipoitikiwa, hurudi zake. Waliisikia kengele mara tatu kwa masikio yao, wakajua wamenyimwa binti.

"Mwalimu hakukataa, bwana," Faki akasema. "Kilichokataa ni msumari."

Watu saba wakacheka. Nikaulizwa kama naridhia. Nikaridhia, upesi. Fatiha imesomwa sebuleni kwa Faki!

Jumamosi, 19 Machi

Faki ameung'oa msumari, ameunga waya uliokatika na kuvifuta vitufe. Kila kengele sasa inalia kwa kitufe chake. Ni wazi kwamba mafuta ya nazi yalihitaji siku tatu kufanya kazi.

Nimegundua kuwa Bwana Abdalla hana kengele hata moja. Nimemwandikia barua: kabla ya harusi nitamfungia nne. Nana ameishika bahasha kwa mikono miwili, akasisitiza kwamba ataipeleka posta yeye mwenyewe. Hatimaye ameanza kuuthamini utaalamu wangu.