Bruchi ya Bibi Ndani ya Koti

Jumatatu, 3 Machi
Siku ya kwanza kwa fundi cherehani. Wiki ya majaribio! Nikiharibu, narudi nyumbani kukunja nguo za kaka zangu. Nimebandika kifuani bruchi ya Bibi, lile pambo la pini lenye jani la fedha, nionekane mtu mzima. Sikuiomba. Naona haya kuomba. Ataivaa harusini Jumamosi, nitairudisha kabla.

Jumanne, 4 Machi
Balaa. Fundi kanipa koti la mwalimu mkuu wangu wa zamani, nishikize bitana. Pini zikaisha. Kuomba nyingine? Haya tele. Nikachomoa bruchi, nikaibana kwa ndani, nadhifu, haionekani. Nikaenda kuwasha pasi. Kurudi, fundi keshashona bitana, bruchi imo ndani.

Jumatano, 5 Machi
Nimefungua kamusi nijue ninachopambana nacho. Kumbe neno bruchi limetoka Ulaya, na zamani sana lilimaanisha kitu chenye ncha, hata kijiti cha kuchomea nyama. Nyama! Nikamfikiria mwalimu mkuu. Sijala.

Alhamisi, 6 Machi
Nimekuja na wembe, nifumue koti fundi akila. Akarudi mapema. Akaniuliza kwa nini nimekumbatia koti la watu, kama naumwa niseme. Akanihamishia kwenye vifungo.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu mkuu kaja kujaribu koti. Nyuma yake nani? Bibi, kaniletea chakula! Mwalimu kajitazama kiooni, kaketi, karuka. Akamuuliza fundi kama siku hizi makoti yana meno. Nikanyoosha mkono kama darasani, nikasema yote kwa sauti ya mbu. Fundi akafumua. Bibi akaifuta bruchi yake taratibu.
“Mjukuu wangu,” akasema, “mdomo unao. Ungeniomba, ningekupa.”
Fundi akasema nimebaki kazini kwa kuwa nimesema mwenyewe, ila pini zikiisha niombe. Nikaapa.

Jumatatu, 10 Machi
Bibi alipendeza harusini. Leo nimevaa hereni zake. Alikuwa amelala, naona haya kumwamsha mtu mzima. Fundi kanipa gauni nishikize bitana. Pini zimeisha, nimepungukiwa mbili tu. Fundi alikuwa anaongea na mteja, na mimi si mtu wa kukatiza wakubwa. Hereni zina ncha nzuri. Nikaenda kunawa mikono.
Narudi, nasikia cherehani inalia.