Jagi la Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Baba mkwe bado yuko sebuleni. Ngazi za kwenda chumbani kwake juu zimemshinda, akipanda mbili tatu, pumzi inakata. Mapafu yaliharibiwa na vumbi la mbao na sigara, kazi yake useremala. Kitanda cha kukunja kimekaa mahali pa kochi langu, kochi liko barazani. Rimoti ya televisheni inalala chini ya mto wake. Na fainali ni Jumamosi!

Leo kliniki. Mama wa lishe, mshauri wa chakula cha wagonjwa, amesema mzee amekonda mno. Mapafu mabovu hula nguvu nyingi, kuvuta hewa tu ni kazi ya sulubu, hivyo nyama ya mwili inaisha. Ametupa mkebe wa unga wa lishe: maziwa, mafuta, protini, vitamini. Kikombe kidogo mara nne kwa siku, pamoja na mazoezi mepesi. Akirudisha uzito na misuli, huenda akapanda ngazi tena. Nilisikiliza hadi hapo. Mke wangu aliendelea kusikiliza.

Mzee akipanda juu, sebule yangu. Nimejiteua msimamizi wa unga.

Jumanne, 4 Machi

Kikombe kimoja kimoja ni mwendo wa kobe. Nimekoroga vikombe vyote vya leo katika jagi, nikaongeza na vya kesho. Nikamwambia mzee ni amri ya kliniki. Akanywa bila ubishi.

Muda si muda, tumbo limejaa kama ngoma, pumzi hakuna. Ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono magotini, midomo ameifinya kama anayepuliza chai. Niliogopa. Niliogopa sana, hata fainali nikaisahau. Mke wangu alimfungua vifungo vya shati, akapumua naye polepole hadi akatulia. Kisha akanieleza yaliyosemwa kliniki baada ya mimi kuacha kusikiliza. Tumbo likijaa linabana mapafu, ndiyo maana ya vikombe vidogo.

Nimevuliwa cheo. Sasa ni mwosha vikombe.

Alhamisi, 6 Machi

Mzee amechoshwa na unga. Anadai una ladha ya chaki iliyotiwa sukari. Anaacha nusu kikombe, binti yake anamfokea. Nimeona mwanya. Nimempendekezea makubaliano ya kiume: mimi namalizia kikombe, yeye ananipa rimoti. Tukapeana mikono. Kikombe kinarudi jikoni kitupu, mke wangu anatabasamu, kila mtu ameridhika. Sielewi kwa nini ukoo huu unanidharau.

Ladha si mbaya, kwa kweli.

Jumapili, 9 Machi

Fainali jana niliitazama nimejilaza miguuni pa baba mkwe. Tumefungwa. Ili kujiliwaza, leo nimekunywa vikombe vyote. Mzee hakugusa hata kimoja. Ameniita mkwe wa dhahabu. Kifungo cha suruali kimeruka. Uzi mbovu, bila shaka.

Jumatatu, 17 Machi

Kliniki. Mzani. Mzee amepungua tena. Mama wa lishe alishangaa. Mke wangu aliapa kwamba vikombe vyote vinarudi vitupu. Baba mkwe akatazama dari. Mimi pia. Mama wa lishe akalitazama tumbo langu, akaniomba nipande mzani mara moja. Sitaandika alichosoma.

Mke wangu hakufoka. Alifunga mkoba, akaufungua, akaufunga tena. Heri angefoka. Mama wa lishe akavuta kiti karibu na mzee, akamuuliza yeye mwenyewe anataka nini. Mzee alikusanya pumzi kwanza.

"Kile kitanda cha juu nilikitengeneza kwa mikono yangu, wiki niliyomuoa mama yake huyu," akasema. "Nataka kulala pale. Huku chini nalala kama mgeni."

Nilijisikia vibaya, na si kwa sababu ya rimoti. Njiani nikamwambia makubaliano yamevunjika. Akasema sawa, akaomba kikombe chake tukifika.

Ijumaa, 18 Aprili

Mwezi mzima wa vikombe vidogo, mke wangu akiwa msimamizi, na mazoezi ya kuinuka kitini. Uzito umepanda kidogo. Leo mzee amepanda ngazi! Anapanda, anapumzika, anapanda. Mimi nyuma yake nimebeba kiti, endapo angechoka. Alipofika aliketi kitandani, akazipapasa mbao kwa kiganja. Mke wangu alilia. Mimi nilikuwa nahema mno, sikuweza kulia. Kiti nimekikalia mimi.

Kochi limerudi sebuleni.

Jumapili, 20 Aprili

Mzee anaona upweke huko juu. Ameomba televisheni. Mke wangu alikubali kabla sijamaliza kutafuna, na aliyeibeba ni mimi. Pia nimepigwa marufuku kuingia chumbani saa za kikombe. Mechi zote huangukia saa za kikombe.

Nimekaa kwenye kochi, natazama ukuta mahali ilipokuwa televisheni. Nimefikiri kwa utulivu. Televisheni itashuka siku mzee atakapozoea kushuka. Ili ashuke, anahitaji nguvu zaidi. Nguvu ziko ndani ya mkebe, lakini kwa vikombe hivi vidogo tutafika mwakani.

Mke wangu ameenda sokoni. Jagi alilificha nyuma ya ndoo. Nimelisuuza vizuri, mara hii kwa maji ya moto, kisha nimefungua mkebe.