Manowari Yenye Ofisi za Kutosha

Wizara ilitangaza kwa fahari kubwa kwamba meli zote za kivita za taifa zimezeeka salama. Tangazo lilisomwa na Mwenyekiti wa Kamati ya Manowari Mpya, mtu wa tumbo la heshima na sauti iliyotuna kama tanga. Alieleza kwamba meli hizo hazikuwahi kushindwa vitani hata mara moja, maana kila zilipoitwa injini ziligoma kuwaka. Sasa zinastaafishwa zote. Badala yake itajengwa frigeti ya kisasa, manowari yenye rada, mizinga na mwendo wa kutisha.

Mkewe alimsikia redioni akiwa anapiga pasi.

"Baba watoto, wewe unajua nini kuhusu meli?" alimuuliza jioni ile.

"Kamati haihitaji kujua, mama. Inahitaji akidi."

Na akidi ilipatikana kila kikao. Michoro ilitandazwa mezani, na kila mkurugenzi aliyeitazama aliona kasoro ileile: yeye hakuwa na ofisi humo melini. Kasoro hiyo ikarekebishwa. Ghala la risasi likageuzwa masjala. Karakana ya mafundi ikawa ukumbi wa mikutano. Mzinga wa nyuma uliondolewa kwa sababu ulimzuia Katibu Mkuu asione bahari, naye mtu wa kazi nyingi anahitaji kupumzisha macho.

Aliyeteuliwa kuiongoza meli hiyo alikuwa nahodha mmoja mwanamke, mfupi, mpole wa sauti, aliyezoea kutoa amri huku amesimama kwenye maji ya kifundo cha mguu ndani ya meli yake mwenyewe. Alisikiliza marekebisho yote kwa adabu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, vitanda vya mabaharia sivioni."

"Kwenye meli ya kisasa, Nahodha, mtu hulala kwake."

"Kwake wapi, tukiwa katikati ya bahari?"

"Hilo ni suala la kisera."

Nahodha akasema, "Basi mjue jambo moja. Kwa sheria ya jeshi, kila mwenye chumba melini huandikwa kuwa baharia. Na mkishaandikwa, mko chini yangu."

"Kwenye karatasi," Mwenyekiti akamtuliza.

"Sheria haikusema hivyo, Mheshimiwa."

"Tuandike tu," akasema Mwenyekiti, kwa kuwa alikuwa amesikia kwamba mabaharia hupewa sare. Yake ilishonwa na fundi wa mjini, na akaivaa mbele ya kioo hadi mkewe akamwambia amependeza kama bawabu wa hoteli.

Siku ya uzinduzi bendi ilipiga, utepe ukakatwa, na waheshimiwa wakapanda na viti vyao vya kuzunguka. Kwa kuwa nafasi ilikuwa finyu, mabaharia wengi waliombwa wabaki gatini wapige makofi. Meli ikatoka kuzunguka bandari mara moja, irudi kwa chakula cha mchana.

Haikurudi. Walipopita tu mnara wa taa, redio ikaita. Meli ya mizigo ilikuwa inaingiza maji huko mbali, na watu wake wote walikuwa bado ndani. Nahodha akageuza usukani.

Mwenyekiti alipanda chumba cha uongozi akihema. "Nahodha, wali unapoa."

"Kuna watu wanazama, Mheshimiwa."

"Tuma meli nyingine."

"Nyingine mmezistaafisha."

Hoja hiyo ilikuwa na mantiki, na Mwenyekiti hakuwa amejiandaa kwa mantiki. "Basi tuunde kamati ndogo..."

"Baharia," Nahodha akasema bila kupandisha sauti, "shuka chini ukashike kamba."

Mwenyekiti akageuka kuona ni nani anayeitwa. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mchana ule Katibu Mkuu alimenya viazi, na Mkurugenzi wa Rasilimali Watu akabeba ndoo, kwa mara ya kwanza akiwa yeye mwenyewe rasilimali. Ili watakaookolewa wapate pa kulala, meza za ofisi zilitupwa baharini. Mwenyekiti aliisukuma ya kwake kwa bega. Ilielea kidogo, droo zikiwa wazi, kisha ikazama bila kupinga.

Walipoifikia ile meli ya mizigo ilikuwa imelala ubavu. Mwenyekiti alivuta kamba hadi viganja vikachubuka. Wa mwisho kupandishwa alikuwa mpishi mzee, mwenye mikono baridi kama samaki wa barafuni. Mwenyekiti alimkamata kiunoni, wakaanguka wote wawili kwenye sitaha, na mzee yule akakataa kumwachia.

"Ahsante, kijana," alisema.

Mwenyekiti alikuwa amewahi kushukuriwa kwa hotuba, kwa risala na kwa kufika kwake tu. Akafuta macho, akasingizia chumvi.

Siku mbili baadaye waliookolewa walishushwa salama katika bandari ya nchi jirani. Hapo waheshimiwa wakaomba kurudi nyumbani. Nahodha akawaeleza kwamba manowari iliyokwisha kuanza doria hairudi ila kwa idhini iliyosainiwa wizarani.

"Lakini wizara ndiyo sisi," akasema Katibu Mkuu, kisu cha viazi mkononi.

"Ninyi ni mabaharia. Baharia haidhinishi safari."

Mwenyekiti akaazima simu ya mtu gatini, akampigia mkewe.

"Mama watoto, nenda wizarani upesi. Mtafute yeyote mwenye cheo atusainie turudi."

"Nimetoka huko asubuhi hii kukuulizia. Wenye vyeo wote mko huko majini."

"Kazi zinafanywa na nani?"

"Dada wa mapokezi na madereva. Mtu anafika, anasikilizwa, anaondoka na karatasi yake. Foleni imekwisha, hata yule muuza maji wa mlangoni amehama."

"Umewaambia bado hatujarudi?"

"Nimewaambia, baba watoto," akajibu mkewe kwa upole. "Wamesema msiwe na haraka."