Kuhesabu Vifungo Si Kupima Koti

Ndugu Meneja wa Timu ya Programu,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio chini yako, hata Mpimaji wako wa kasi, ingawa yeye azipokee akiwa ameketi, maana barua hii inamhusu.

Mimi ni mama mzazi wa yule kijana wenu mnayemwita Kimya. Ni fundi cherehani, mwaka wa ishirini na saba huu. Katika kupima watu naomba unisikilize: binadamu akiona futi, hujikaza tumbo.

Jumatatu mwanangu alirudi kutoka kazini akakaa jikoni, begi bado mgongoni. Nikamuuliza, "Wamekufukuza?" Akasema, "Bado, mama. Ila kwenye chati nimekuwa wa mwisho, na wa mwisho anaondoka mwisho wa mwezi." Chakula hakukigusa. Mtoto huyu hajawahi kususia sahani tangu aote meno! Basi malalamiko yangu ni haya:

1. Mnasema mnapima kasi ya timu ili mjue mradi ujao utachukua muda gani na mteja alipe kiasi gani. Nia njema, sina ugomvi nayo. Lakini mnahesabu kazi zilizofungwa, yaani zilizoandikwa zimekwisha, na kuhesabu vifungo si kupima koti. Kijana wa meza ya pili, huyo Umeme, wiki ile ya chati alifunga kazi arobaini, wangu nne. Sikatai. Ila kazi ya kubadili rangi ya kitufe kimoja Umeme aliigawa kuwa kazi sita, na ya sita ilikuwa kurudisha rangi ya kwanza.

2. Katika zile nne za mwanangu, tatu zilikuwa kuziba matundu aliyoyaacha Umeme.

3. Kwa kasi hiyohiyo ya Umeme mliiahidi hospitali mfumo wa kuandikisha wagonjwa ndani ya wiki sita. Huu ni mwezi wa tano tangu ahadi hiyo, na bado mnautengeneza. Juzi dada yangu alikwenda na jino, mfumo ukamwandika mjamzito. Ana miaka sabini na moja. Jino bado linamuuma, na mumewe hasemi naye.

4. Mpimaji mwenyewe hapimwi na mtu. Nilikuja ofisini kwenu na futi yangu, mlinzi ni shahidi, nikamtazama asubuhi nzima. Alichora chati tatu, zote za kasi ya asubuhi hiyohiyo. Nikamuuliza, "Baba, hizi utazimaliza lini?" Akajibu, "Inategemea, mama." Inategemea! Mwanangu akisema hivyo anaandikwa mzembe.

Kwa hiyo naomba Kimya abaki kazini, na Umeme apunguziwe alama kwa kila tundu alilozibiwa. Mpimaji naye apumzishwe, kiti chake nipewe mimi, kando ya dirisha, maana cherehani inataka mwanga. Kukadiria muda ni kipaji, bwana. Mimi nikikitazama kitambaa tu, siku ya kukabidhi naijua.

Nisalimie mlinzi, ana adabu. Nisalimie na Umeme. Uchungu wa mwana mama yake naye anaujua.

Ni mimi, mwenye kuitakia mema ofisi yako,
Mama Kimya, Fundi.

Nyongeza: Mkeo ameniulizia tena lile gauni la harusi ya mdogo wake, nililomwambia wiki mbili. Mwambie asiwe na wasiwasi, nimeshakata. Yaani, nimeshakata shauri la kulikata. Harusi yenyewe nasikia ilifana sana.