Wimbo Huu Haupatikani Katika Eneo Lako

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekuwa mwanamume wa kutegemewa. Kwa dakika kumi na mbili.

Mke wangu ametangaza, huku anakunja mashuka, kwamba mama yake anakuja Jumamosi. Anatimiza miaka sabini na mitano. Hataki kitambaa, hataki keki. Anataka kusikia sauti yake. Ujanani aliimba katika bendi ya hoteli, na bendi ile ilirekodi wimbo mmoja wa maana, dakika saba nzima. Ubeti wa tatu ni wake peke yake. Hajausikia miaka mingi. Nikasema hilo niachie mimi. Mke wangu akaacha shuka, akanitazama kwa macho ya enzi za uchumba.

Sikuona haja ya kumsumbua na jambo dogo: kwamba kanda zote za familia, thelathini na mbili, ile ya mama mkwe ikiwemo, nilimpa mnunuzi wa chakavu mwaka jana. Zilikuwa zinajaza kabati. Na mimi ni mtu wa kisasa. Wimbo wenyewe nilikwisha kuununua kwenye programu ya simu. Palikuwa na kitufe kimeandikwa "Nunua, uwe wako". Nikabonyeza. Ukawa wangu.

Nimefungua simu nionje ushindi. Jina la wimbo limepauka, rangi ya majivu. Chini yake: "Wimbo huu haupatikani katika eneo lako."

Nimehamia jikoni. Haupatikani. Bafuni. Haupatikani. Nimetoka hadi kwenye geti la jirani, nikainua simu juu ya kichwa. Jirani akauliza natafuta nini. Nikamwambia eneo.

Jumanne, 4 Machi

Nimewapigia wenye programu nikiwa dukani. Duka langu ni la kutengeneza mihuri, liko chini ya ngazi za jengo la mawakili, na upana wake ni mimi na kiti. Nimesikilizishwa muziki wa kungojea dakika arobaini. Huo unapatikana katika eneo langu.

Hatimaye akapokea dada mwenye sauti ya asali. Akanieleza, bila kunicheka, kwamba sikununua wimbo. Nilinunua ruhusa ya kuusikiliza, kwa muda ambao wao nao wana ruhusa ya kuniruhusu. Kampuni ya muziki imeiondoa ruhusa hiyo. Nikamuuliza: nikinunua sufuria, halafu mwenye duka akagombana na kiwanda, watakuja kuichukua jikoni kwangu, maharage yakiwa ndani? Akasema mzee wangu, sufuria si huduma. Jibu la hilo bado nalitafuta.

Ila akasema kuna habari njema. Wimbo umetoka upya. Umesafishwa, umewekwa katika sauti ya kisasa inayomzunguka msikilizaji kichwa kizima. Unasikika kwa wateja wa Daraja la Dhahabu tu, na kwa hedifoni zinazotambulika na programu tu. Akauliza za kwangu nilinunua wapi. Nikasema kituo cha basi. Akanipa pole, kama mtu aliyepewa taarifa ya msiba.

Nimelipia Dhahabu. Nimenunua hedifoni zinazotambulika. Bei siiandiki humu. Mke wangu ana tabia ya kupanga droo.

Jumatano, 5 Machi

Nimezivaa. Lazima nikiri, gitaa linapita nyuma ya kisogo kama nyuki, na ngoma zimekaa begani. Nikafumba macho, nikauona uso wa mke wangu ukinichekea Jumamosi. Dakika ya tatu, kimya. Nikadhani chaji imekwisha.

Wimbo ndio uliokwisha.

Wameufupisha. Maelezo yanasema toleo hili limeandaliwa "kwa ajili ya msikilizaji wa leo". Msikilizaji wa leo, inaonekana, ana basi la kuwahi. Ubeti wa kwanza upo, wa pili upo. Wa tatu, ule wa mama mkwe, umefagiwa pamoja na vumbi.

Mungu akipenda kukujaribu hakutumii simba, anakutumia shemeji. Wa kwangu, kaka yake mke wangu, ni fundi redio. Kwake yeye kitu kisichofunguka kwa bisibisi ni utapeli. Amepitia dukani, akainama chini ya ngazi, akasema kasikia kwa dada yake kwamba wimbo ninao. Basi Jumamosi ataleta redio kaseti yake. Mimi nimpe ile kanda mapema aisafishe. Nikamwambia kanda ni mambo ya makumbusho, siku hizi muziki uko hewani. Akasema hata harufu mbaya iko hewani. Nikacheka kicheko cha mtu asiye na tatizo. Alipoondoka tu, nikafunga duka nikakimbilia kwa mnunuzi wa chakavu.

Anazikumbuka kanda zangu vizuri. Alimuuzia mwalimu mstaafu anayelima mboga nyuma ya kituo cha mafuta. Nikapumua. Nikauliza kama mwalimu ni mpenzi wa muziki. Akasema hapana, ni adui wa ndege.

Alhamisi, 6 Machi

Ni kweli. Mwalimu amechomoa utepe wa kila kanda, akaufunga kijiti hadi kijiti juu ya matuta ya kabichi. Upepo ukipita, utepe unavuma na kumetameta, ndege wanahama mtaa. Sijapata kuona muziki ukiheshimiwa hivyo.

Nikamwambia kwa unyenyekevu kwamba mmojawapo wa tepe hizi ni mama mkwe wangu. Akauliza upi.

Makasha amepanga kuzunguka kitalu, kama ukingo wa matofali. Mvua imefuta maandishi yote. Moja limebaki na alama inayoweza kuwa herufi ya kwanza ya jina la bendi, au kinyesi cha ndege. Lilikuwa karibu na tuta la nne. Nikalichagua tuta la nne. Mwalimu akakubali, kwa sharti kwamba nikivua utepe, nisimame mahali pake hadi atakapopata kitu kingine cha kutishia. Alikwenda kutafuta. Alirudi baada ya saa nne na mifuko miwili ya nailoni.

Nimefukuza ndege kwa muda wa saa nne. Mmoja mweusi aliniona si wa kuogopwa, akala huku ananitazama.

Mke wangu akapiga simu kuuliza niko wapi. Nikasema niko kwenye shughuli za sauti. Akaniambia nisijichoshe. Moyo uliniuma kidogo, lakini mgongo uliuma zaidi. Jioni yote nimezungusha utepe ndani ya kasha kwa penseli, na palipokatika nimeunga kwa gundi ya mihuri.

Ijumaa, 7 Machi

Sina imani sana na tuta la nne. Hivyo asubuhi nimetumia kipaji nilichojaliwa. Nimechonga muhuri: duara, nyota mbili, KAMATI YA URITHI WA SAUTI. Nimeandika barua ya kuomba wimbo kamili, nimegonga muhuri, nimekwenda makao ya kampuni ya muziki. Ghorofa ya tano. Zulia hadi ukutani. Kimya kabisa, mahali pote pale pa muziki hapasikiki hata mtu kupiga mluzi.

Ofisa wa haki za nyimbo akapokea barua, akaisoma, akauliza Kamati imeundwa lini. Nikasema miaka mingi. Akanionyesha kidole gumba chake. Kilikuwa na wino wa zambarau, mbichi.

Lakini si mtu mbaya. Alitafuta kwenye kompyuta. Wimbo mzima upo, dakika zake saba, katika chumba cha baridi. Nikaomba kuusikiliza. Akasema ule hausikilizwi, unatunzwa. Nikasema mwimbaji mwenyewe yuko hai, anakuja kesho, anakunywa chai bila sukari. Akafungua karatasi nyingine. Mwimbaji alitia saini akiwa na miaka ishirini na miwili: sauti ile ni mali ya kampuni, katika mitambo yote iliyopo na itakayobuniwa baadaye. Miaka hiyo mama mkwe hakuwa na hata redio.

Kisha akauliza, kwa nia ya kusaidia, nilitaka kuupiga wapi. Sebuleni. Watu wangapi? Kumi na mmoja. Akachukua kalamu. Wakizidi watano huenda likawa onyesho la hadhara, inategemea. Madirisha yatakuwa wazi? Nikasema kuna joto. Akaandika "wazi".

Nimetoka na fomu tatu. Zote zinahitaji muhuri.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amefika saa tano, gauni la buluu, wanja machoni, kama mtu anayekwenda jukwaani. Nikafunga madirisha. Mke wangu akayafungua. Nikayafunga. Shemeji akaingia na redio kaseti, akaitua mezani taratibu. Anajua kuniudhi.

Nikatoa hotuba fupi kuhusu maendeleo. Nikamvalisha mama mkwe hedifoni. Sisi wengine hatukusikia kitu: programu inakataa spika, na hedifoni zinazotambulika ni hizo tu. Basi watu kumi tukakaa dakika tatu tukimtazama mama mmoja akisikiliza. Akafumba macho. Kidole kikaanza kupiga kwenye goti. Akavuta pumzi, midomo ikajiweka tayari, kama mtu aliyefika mlangoni anangoja afunguliwe. Ikabaki hivyo. Halafu akafumbua macho, akavua hedifoni.

"Mwanangu," akaniuliza, "mimi niko wapi?"

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

Nikamkabidhi shemeji kanda yangu haraka. Akaitia. Redio ikakoroma, kisha mwanamke asiye mama mkwe akasema kwa sauti kavu: somo la nne la kupiga chapa, weka vidole vya mkono wa kushoto mahali pake. Utepe ukakatika. Shemeji akaitoa kanda, akaiinua kwenye mwanga, akauliza mbona ina udongo. Akachomoa kipande cha jani la kabichi, akakiweka juu ya kitambaa cha meza ili kila mtu akione.

Maji yalikuwa shingoni. Nikasema yote: kabati, chakavu, mwalimu, matuta. Mke wangu alinitazama, na macho hayakuwa yale ya Jumatatu. Shangazi mmoja akasema astaghafirullah kwa niaba ya wote.

Mama mkwe akanigeukia. "Nimeimba hotelini, nimeimba redioni," akasema. "Kufukuza ndege ndiyo sikuwahi. Walikimbia kweli?"

Nikasema walikimbia, mama. Isipokuwa mmoja.

Akacheka mpaka akashika mkono wa kiti. Kisha akasimama, akamwambia mwanawe azime hilo lidude, akauimba ubeti wa tatu. Bila gitaa, bila chochote. Sauti imezeeka, juu haifiki tena, akifika pale anapita pembeni kwa ujanja na kushukia upande wa pili. Unahusu mwanamke anayemwambia mpenzi wake asimngoje. Nimemjua mama yule miaka ishirini na sita, sikujua kwamba aliwahi kumkataa mtu. Mke wangu alilia. Mimi nilikuwa na vumbi la bustani machoni.

Wakamwomba arudie. Mara ya pili nilirekodi kwa simu. Ndiyo rekodi pekee, maana shemeji alikuwa anashughulika na pua. Usiku mzima mke wangu aliniambia sentensi moja: "Hiyo usije ukaipoteza."

Jumanne, 11 Machi

Nimefikiri siku mbili. Kuweka sauti ya thamani vile ndani ya simu ni uzembe. Simu huibwa, huanguka chooni. Nimeipandisha kwenye programu, ambako wataalamu wataitunza.

Baada ya saa moja nikapata ujumbe: mitambo yao imegundua kwamba mwimbaji huyu anafanana mno na mali ya kampuni ya muziki. Yaani mama mkwe amekamatwa kwa kujiiga. Mtu mwenye moyo mwepesi angekata tamaa. Mimi nikampigia ofisa wa haki, tukaelewana kiungwana. Rekodi inabaki, mradi nikiri kwamba ni yao. Nikabonyeza "Nakubali". Masharti yalikuwa kurasa sitini na nne. Nilisoma ya kwanza, inasema "Karibu". Kwa ushirikiano wangu nimepewa Daraja la Almasi, miezi mitatu. Nadhani mtaa mzima ni mimi peke yangu.

Mchana shemeji akaja dukani na kanda mpya, bado imo ndani ya nailoni yake. Sijui alikoipata. Akaniomba, kwa adabu ambayo hajawahi kunionyesha, airekodi sauti ya mama yake kutoka kwenye simu yangu, dakika tano tu. Nilimwonea huruma. Nikamweleza kwamba nimeifuta asubuhi, kwa kuwa programu ya Almasi ni nzito na inataka nafasi. Akakaa kwenye ngazi. Akauliza kama dada yake anajua. Nikasema namwekea iwe zawadi: kampuni inaisafisha, inaiongezea vyombo, itatoka mwezi wa sita.

Akaondoka bila kuaga. Wivu ni ugonjwa mbaya.

Kionjo kimefika sasa hivi, sekunde ishirini. Kinanda kitupu, kitamu sana. Nadhani mama ataingia baadaye.