Bastola Kumi na Nne Kabla ya Jumapili

Jumatatu, 13 Mei 1974, Liège, Ubelgiji.
Miaka thelathini na saba tangu nitoke Eibar, mji wetu wa mafundi bunduki kule Hispania, nikiwa na koti moja na bastola moja ya baba, ndogo kama pakiti ya sigara. Leo ninazo kumi na nne. Zote za mfukoni, zote kuukuu, zote nzima!

Na leo Bi Colson, mwenye nyumba wangu, kapanda ngazi na ndoo mkononi kutoa amri: ikifika Jumapili, ama bastola zitoke ama nitoke mimi. Kisa? Alikuwa akitafuta kamba, akafungua droo, akakuta ile ya mpini wa lulu inamtazama. Nikamwambia hazina risasi. Risasi zake hata hazitengenezwi tena. Akauliza, sasa kazi yake nini? Kujilinda, nikasema. Bila risasi, Bwana Lasuen? Zinaonyeshwa tu, Bi Colson, adui anakimbia! Akasema haya, aone kwa macho yake bastola moja ikimfaa mtu, ndipo zibaki.

Nikakubali kabla hajaweka ndoo chini.

Nikishindwa, pa kwenda ni mahali pamoja tu. Edurne, binti wa marehemu kaka yangu, ameandika tena kutoka Eibar. Chumba kipo, dirisha linatazama mto, na walionitafuta enzi za vita wamezeeka au wamekufa. Sharti lake: sanduku moja, silaha hakuna.

Sanduku moja!

Jumanne, 14 Mei.
Nimemtolea Bi Colson somo sebuleni. Bastola zimepangwa juu ya taulo, kuanzia kubwa hadi ile inayofichika kiganjani. Nilikuwa nimefika ya tatu, kaingia Gaspard Hennet, mwenzangu katika chama cha wakusanyaji. Ati kapita kunisalimu. Salamu gani hiyo, na lenzi imeshakaa jichoni! Ananyemelea ile ya lulu, namjua.

Hennet alichonga nakshi za bunduki hapa Liège miaka arobaini, basi kila kitu anakijua yeye. Kamwambia Bi Colson kwamba vidude hivi mahali pake ni kabatini. Tena nusu yake vimetengenezwa Eibar na kugongwa mihuri ya kuiga ya Liège. Nikamjibu: kama mihuri yetu imewapumbaza ninyi miaka sitini, fundi ni nani?

Jibu safi! Kugeuka, Bi Colson amelala.

Jumatano, 15 Mei.
Wazo kubwa. Ninayo bastola iliyotengenezwa mahususi kwa wapanda baiskeli, zamani zile, ya kutishia mbwa. Na mchinjaji wa pale kona ana mbwa anayechukia magurudumu. Bi Colson nimemsimamisha dirishani. Nikapanda baiskeli. Mbwa huyo! Moyo ukanidunda kwa furaha.

Jambo moja sikulipigia hesabu. Mikono miwili iko kwenye usukani. Wa tatu, wa kuchomolea bastola, uko wapi? Nikaachia mmoja. Nimeangukia kreti za viazi. Mbwa kanilamba sikio. Bi Colson kauliza kutoka juu kama mbwa ameshatishika au tuendelee kusubiri.

Ijumaa, 17 Mei.
Jana kutwa nilikuwa kitandani, goti limevimba. Kitandani ndiko fikra hukomaa: anahitajika mwizi! Mwizi wa kupanga. Nimemfuata Hennet. Kakataa. Nikamwahidi kwamba nikifa, ile ya lulu ni yake. Kaniuliza kifua changu kikoje siku hizi. Kisha akakubali.

Tumeelewana. Kesho saa kumi, jikoni, Bi Colson akioka gofri zake za Jumamosi, vile vikeki bapa vya kubanwa kwenye chuma cha moto. Hennet anaingia kwa mlango wa uani, kofia machoni, skafu puani, anadai pochi. Mimi nachomoa. Yeye anatoka mbio. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo mpaka nimejiogopa.

Jumamosi, 18 Mei.
Saa kumi kamili mlango ukafunguka. Hennet katisha kweli! Kanguruma kwamba kila mtu atulie, pochi iwekwe mezani. Bi Colson kaganda, chuma cha gofri mkononi. Sasa zamu yangu. Nikapeleka mkono mfukoni.

Ila ya lulu haishikwi kwa mkono mtupu. Jasho hula chuma, na katika miaka thelathini sijaiwekea alama ya kidole hata moja. Nikatoa kwanza glavu zangu nyeupe za pamba. Nikavaa ya kushoto. Hennet kasimama anasubiri, maana mkusanyaji yeyote angefanya vivyo hivyo. Hata kaninong'oneza niangalie, ya kulia nimeigeuza.

Bi Colson si mkusanyaji. Kile chuma, vibao viwili vizito na vishikio virefu kama koleo, kilimshukia Hennet begani mara mbili. Kaanguka, skafu ikatoka. Bi Colson kamtazama. Kanitazama mimi, glavu moja na nusu.

Akasema gofri imeungua.

Jumapili, 19 Mei.
Ushindi!

Bi Colson katamka kwamba bastola zibaki. Mtu anayeanza kwa kuvaa glavu, kasema, hawezi kumdhuru hata inzi, na nyumba italindwa na yeye mwenyewe. Hayo ya mwisho ni maneno tu. Ameshasadiki, dhahiri. Bega la Hennet limefungwa bendeji, naye anadai pigo la pili halikuwa kwenye makubaliano.

Mimi sokoni asubuhi, pale kando ya mto, pamoja na goti bovu. Nimepata ya kumi na tano! Nimenunua na glavu pana zaidi. Zinavalika kwa sekunde nne. Kosa lilikuwa glavu, hakuna kingine.

Nimemwandikia Edurne. Nimemwambia nakumbuka mtaa ulivyolia tupa za kusugulia chuma kuanzia alfajiri, kila dirisha na fundi wake, na kwamba najua hazilii tena. Chumba ampe mwingine. Eibar sitarudi.