Semina ya Kutafuna Korosho

Leo nimeumbuka, jamani. Naandika kwa sababu kusema siwezi.

Wanaonifahamu wanajua mimi ni bwana shamba. Mwaka wa kumi na moja huu nazunguka na pikipiki kati ya Masasi na Newala nikiwaambia watu habari za mikorosho. Wiki iliyopita nilimfokea mkulima kwenye simu hadi mke wangu akatoka jikoni kuangalia nani anauawa. Mkubwa wangu wa kazi akasikia. Akaniandikisha semina ya "umakini na kupunguza msongo wa mawazo." (Mimi! Msongo! Nilimjibu kwa hasira kwamba sina hasira.)

Asubuhi nikaingia ukumbini Newala, uso kama naenda kumkamata mtu. Walimu, wauguzi, viongozi wa vikundi. Nikakaa karibu na Mama Shadida, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wabangua korosho kule Mnyambe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Baba Zuhura. Na wewe umeletwa?"

"Nimekuja kuangalia tu."

"Haya. Sote tumekuja kuangalia."

Mwezeshaji ni kijana wa mjini, viatu vyeupe pe, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa. Ana kibakuli cha shaba na kijiti. Anagonga, ngiiing, tunafumba macho. Akasema akili ya binadamu haitulii. Wewe uko hapa, yenyewe iko kesho. Kazi si kuizuia. Kazi ni kugundua kwamba imetoka, kisha kuirudisha polepole kwenye pumzi. Ukipumua taratibu, mapigo ya moyo nayo yanapungua, mwili unaacha kujiandaa kwa vita.

"Mbuzi nao wanapumua," nikamnong'oneza Mama Shadida. "Mbona hawaitwi semina?"

Hakucheka. Alikuwa amefumba macho, anapumua.

Kisha ikapitishwa sahani. Kila mtu achukue korosho moja ya kukaanga. Moja! Kwa watu wa Newala!

"Tutaila kwa makini," akasema kijana. "Tutaitazama kama vile hatujawahi kuiona."

Ukumbi ukaguna. Mimi yangu nilishaimeza kabla hajafika nukta. Dharau tupu.

Mara akaanza kupita kati ya viti akikagua viganja. Wenzangu wana korosho. Mimi nina chumvi. Ndipo nikakumbuka mfuko wa shati: korosho ghafi tatu na maganda yake, nilizichuma jana Lupaso ili nizipasue nione ubora. Nikatoa moja, nikaifunika nusu kwa vidole. Akapita. Akatabasamu. Nikajiona mjanja.

"Fumbeni macho. Iwekeni juu ya ulimi. Msitafune."

Nikaiweka. Ganda zima halina neno. Moto uko ndani yake, kwenye yale mafuta meusi. Hilo nalijua kuliko jina la babu yangu. Kila msimu nasimama mbele ya kikundi cha Mama Shadida nikihubiri: pakeni mafuta mikononi kabla ya kubangua, watoto wasing'ate korosho ghafi. Mpango wangu ulikuwa kuishikilia tu mdomoni, halafu niiteme kwenye leso.

"Akili yako iko wapi sasa?" akauliza kijana.

Yangu ilikuwa ofisini kwa mkubwa wangu. Nilikuwa namjibu yale yote niliyoshindwa kumjibu. Nilimjibu vizuri sana. Nikafika mahali anapoomba radhi, taya zimenikaza kwa raha...

Ngiiing.

"Sasa, taratibu, tafuna."

Na mimi, mtumishi mtiifu, nikatafuna. Kwa magego. Kwa nguvu zote.

KHA!

Usiombe yakukute. Kwanza uchungu, halafu moto, halafu moto unaotafuta pa kwenda. Ulimi, ufizi, mdomo wa juu. Machozi yakaanza kutiririka yenyewe. Nikakaza. (Bwana shamba hatemi korosho mbele ya wabanguaji.)

Kijana akaniona. Akaja kusimama mbele yangu, mkono kifuani.

"Mwoneni ndugu yetu. Yameanza kutoka. Usiyazuie, kaka. Vuta pumzi ndefu."

Watu wakapiga makofi! Mwalimu mmoja nyuma akaanza kulia kwa kunihurumia.

Nikavuta pumzi ndefu. Hewa ikapita juu ya ule moto kama mtu kapuliza jiko la mkaa. Nikatema. Maganda, mate meusi, vyote juu ya viatu vyeupe.

Mama Shadida akainama, akaokota kipande kwa ncha ya khanga, akakigeuza.

"Nnungu wangu! Baba Zuhura, umetafuna korosho ghafi? Na ganda lake?"

"Hafana," nikasema. Nilikusudia hapana.

"Bwana shamba?" sauti ikatoka upande wa pili. "Yule anayetufundisha?"

"Yuleyule!"

Ukumbi ukalipuka. Muuguzi aliyetakiwa kunisaidia alicheka hadi akakaa chini. Kijana mwenyewe aligeukia ukutani, mabega yanatikisika. Utulivu wote kwisha.

Mama Shadida akanishika mkono, akanitoa nje hadi bombani. Akanisukutulisha, akaniosha midomo kwa sabuni, akaomba mafuta ya kupikia kwa wapika chai, akanipaka. Hakucheka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniunguza kuliko korosho.

"Hata Shadida wangu aliwahi kufanya hivi," akasema, akinifuta kidevu. "Alikuwa na miaka minne."

Na nikiri jambo moja, kwa maandishi tu. Pale bombani sikuwaza ofisi, sikuwaza mkubwa wangu, sikuwaza kesho. Akili yangu yote ilikuwa mdomoni. Sijawahi kutulia mahali pamoja namna ile tangu nizaliwe.

Sasa ni jioni. Mdomo wa juu umekuja mbele, nauona bila kioo. Nyinyi nichekeni, nimestahili. Ila ukinikuta njiani kesho, nipungie mkono upite zako, usinichekeshe mimi. Nikicheka mdomo unapasuka.